NAKIA HAJASHUSHWA CHEO, JAMANI

Najua nimepotea kitambo. Majaribio na kazi za vikundi vilitubana ile mbaya, mtu hata muda wa kufua unautafuta kwa tochi. Leo nimepata upenyo, nami nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, acha nilitoe.

Jambo lenyewe ni muvi. Najua wengine mtasema "mwanachuo mzima anaandika habari za Wakanda", sawa, semeni. Lakini hapa Buswelu tunaishi geto moja watu wengi, laptopu moja, flashi moja, na muvi za mashujaa ndizo zinazotukutanisha usiku baada ya ugali. Na zikituunganisha zinatugombanisha pia. Ugomvi wa safari hii ni kuhusu Nakia, yule anayeigizwa na Lupita Nyong'o. Kwenye Wakanda Forever ya mwaka 2022, Malkia Ramonda anamfuata Haiti na kumkuta yuko shuleni, katikati ya watoto. Mshikaji mmoja akaguna, "Huyu naye wamemshusha cheo. Alikuwa jasusi, sasa kawa ticha." Watu wakacheka. Kilichoniuma ni kwamba wengi waliocheka ni wa ualimu kama mimi.

Sasa nasema hivi, na nitaeleza kwa nini. Nakia hajashushwa cheo. Nakia ndiye mtu pekee kwenye muvi zile mbili ambaye hoja yake inashinda tangu mwanzo hadi mwisho, na Lupita amemwigiza kwa namna ambayo sisi, kwa malezi yetu ya kuangalia muvi, hatukufundishwa kuiona.

Malezi yetu ya kuangalia muvi

Tuseme ukweli. Wengi wetu muvi tulizijulia kwenye vibanda umiza. Benchi la mbao, turubai dirishani ili mwanga usiingie, spika inayokoroma. Huko ndiko tulikojifunza kwamba kila muvi ina steringi na ina adui. Steringi ni yule anayepiga. Akipigwa mwanzoni, usihofu, anajipanga. Na sheria kuu kuliko zote ni kwamba steringi hafi. Mtu akiuliza "huyu atapona?" anazomewa na kibanda kizima.

Halafu tukawa na watafsiri wetu. Kaka zetu wanamkumbuka Lufufu, yule aliyekuwa anaingiza Kiswahili kwenye kanda za kizungu na za kichina. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo. Hawa watu nawaheshimu sana, wamewafanya watu wasiojua Kiingereza waangalie muvi za dunia nzima na kucheka palipo na kicheko. Ila kazi yao ni kuongea. Mtafsiri akikuta ukimya anaujaza, kwa sababu ukimya kibandani watu wanadhani sauti imekatika. Kwa hiyo tumekua tukiamini kwamba pale mhusika anaponyamaza ndipo pa kwenda kununua karanga.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo ukimpa Nakia anaona mwanamke anayesimama pembeni wenzake wakipigana. Anakwambia "hajafanya kitu". Lakini wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Lupita ni wa ziwani, lakini tusiishie hapo

Kabla sijaingia kwenye kazi yake, niseme kidogo kuhusu sifa za ujirani, maana huku kwetu ndiko sifa zinakoanzia na mara nyingi ndiko zinakokomea. Lupita alizaliwa Mexico mwaka 1983 wakati baba yake akifundisha chuo huko, akakulia Kenya. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, ni gavana wa Kisumu tangu mwaka 2017. Black Panther ilipotoka Februari 2018, Kisumu walifanya uzinduzi wao siku chache kabla ya Marekani kuanza kuionyesha majumbani. Fikiria hilo, wadau. Maji yanayopiga Jiwe la Bismarck hapa Mwanza ndiyo hayohayo yanayopiga Kisumu.

Na si yeye peke yake. Florence Kasumba, anayeigiza Ayo wa kikosi cha Dora Milaje, alizaliwa Kampala akakulia Ujerumani. Daniel Kaluuya, anayeigiza W'Kabi, alizaliwa London na wazazi Waganda. Kwa hiyo muvi moja ya mashujaa imebeba watu watatu wenye damu ya nchi zinazolizunguka ziwa letu. Hata baadhi ya picha za angani za milima na misitu ya Wakanda zilipigwa Uganda, kule Rwenzori na Bwindi. Muvi yenyewe kwa sehemu kubwa ilipigwa Atlanta, Marekani, lakini ile milima yenye ukungu ni ya jirani kabisa.

Raha tupu. Lakini hapo ndipo tunapokosea. Tunasema "Lupita wetu", "mrembo wetu", "kashinda Oscar" (ni kweli, mwaka 2014, kwa 12 Years a Slave), kisha tunanyamaza. Hakuna anayesema alifanya nini mbele ya kamera. Ni sawasawa na kumsifia mwalimu kwa sababu anatoka kijijini kwenu, bila kuuliza kama wanafunzi wake wanaelewa hesabu. Ujirani ni sababu ya kumtazama mtu vizuri zaidi. Kazi yake bado inabidi uitazame.

Kwanza tumkumbuke Storm

Ili uone tulikotoka, rudi nyuma mpaka mwaka 2000, X-Men ya kwanza. Storm, yule mwenye nywele nyeupe anayeamrisha radi. Kwenye vitabu vya katuni alianza mwaka 1975. Jina lake Ororo, mama yake binti wa kifalme kutoka Kenya, na hadithi inasema alikulia Cairo kisha akaja mbuga za huku kwetu, watu wakamwabudu kama mungu mke wa mvua. Huku Usukumani mtu wa kuleta mvua hafanyiwi mzaha, kwa hiyo Storm alitakiwa awe wetu mapema kabisa.

Ila angalia alichopewa Halle Berry kufanya. Kwenye muvi ya kwanza ana kalafudhi ka Kiafrika kanakokuja na kuondoka, kwenye ya pili, mwaka 2003, kameyeyuka kabisa. Simlaumu yeye. Mwigizaji anaweza kuvaa uhusika akipewa uhusika wa kuvaa. Storm kwenye zile muvi anageuza macho meupe, upepo unavuma, basi. Hatujui anapenda nini, anagombana na nani, anakosa usingizi kwa sababu gani. Alikuwa Mwafrika wa karatasi.

Black Panther walianza upande mwingine. Chadwick Boseman alisimamia msimamo kwamba T'Challa lazima aongee kwa lafudhi ya Kiafrika. Tayari kwenye Captain America: Civil War ya mwaka 2016, mzee John Kani wa Afrika Kusini, aliyeigiza baba yake, alishaingiza Kixhosa, na Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda. Mimi kama mtu wa Kiswahili nina wivu wangu hapo, kwa sababu Marvel wenyewe wanaiweka Wakanda Afrika Mashariki. Tumeambulia vijineno kama zile shanga za "kimoyo". Na Shenzi, yule fisi wa The Lion King, ambaye mwaka 2019 sauti yake aliifanya Kasumba huyohuyo! Lakini bora lafudhi yenye mahali pake kuliko lafudhi ya kuokota.

Sasa Nakia mwenyewe

Tumkute pale anapoanza. Usiku, msitu wa Sambisa, Nigeria, malori yamejaa wanawake waliotekwa. Aliyeandika hapo alikuwa anajua anachogusa. Aprili 2014 wasichana 276 walitekwa shuleni Chibok, na sisi tunaosomea ualimu hatuwezi kuangalia lori lile kama eksheni tu. Nakia yumo humo ndani, kajifunika kama wenzake. T'Challa anashuka kutoka juu kama radi, anapiga watu, kibanda kizima kingeshangilia. Na Nakia anafanya nini? Anamkasirikia! Ameharibiwa kazi yake. Halafu T'Challa anataka kummaliza mmoja wa wale wenye bunduki, Nakia anamzuia, anamwambia huyu ni mtoto, naye ametekwa.

Hebu simama hapo. Jambo la kwanza kabisa anabishana na mfalme mtarajiwa. La pili, anamwokoa adui. Ndani ya dakika chache amebomoa elimu yetu yote ya kibanda umiza, kwa sababu yeye ndiye aliyetazama sura. Wengine waliona bunduki, yeye akaona mtoto wa shule. Na Lupita hapo haongezi chumvi. Sauti haipandi, mkono mmoja tu, na macho yanayohama kutoka kwa T'Challa kwenda kwa yule mtoto. Mwalimu yeyote aliyewahi kuingia darasani anayajua yale macho. Ndiyo unayotumia kujua nani hajala asubuhi.

La pili, ile safari yao ya miguu sokoni. T'Challa anataka abaki, na kwa kweli anambembeleza. Nakia anamjibu kwamba hawezi kukaa kwa raha akijua huko nje kuna watu hawana kitu. Anasema Wakanda ingeweza kutoa misaada, elimu ya teknolojia, hifadhi kwa wakimbizi. T'Challa anajibu kama viongozi wote wanavyojibu, kwamba sisi si kama nchi nyingine. Kisha utani unaingia, kwamba angefaa kuwa malkia asingekuwa mbishi, naye anarudisha kwamba ubishi huohuo ndio ungemfanya awe malkia bora, kama angeutaka.

Waandishi wamempa mistari mizuri, sawa. Lakini mwangalie Lupita wakati anaongea Boseman. Anasikiliza kweli! Waigizaji wengi wakiwa hawana mstari wanasubiri zamu, unaona kabisa wanahesabu. Yeye tabasamu lake linabadilika katikati ya sentensi ya mwenzake. Anampenda huyu mtu, na hakubaliani naye, na vyote viwili viko usoni kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo sehemu ngumu. Kurusha teke kuna watu wa kazi hiyo.

Halafu Busan, Korea Kusini. Gauni la kijani, rangi ya kabila lake la mtoni, anaongea Kikorea na bibi wa mlangoni kama mtu aliyezoeana naye miaka. Ndipo unapokumbuka kwamba kazi yake ni ujasusi na kwamba jasusi mzuri ni yule anayependwa na watu wa mahali alipo. Okoye yeye anachukia wigi lake mpaka linaruka usoni kwa mtu (tulicheka mpaka tukagongewa ukuta). Na lile gari likisambaratika, Nakia anabaki ameketi kwenye kiti, ameshika usukani, anateleza barabarani! Kwa hiyo msiseme hana vituko.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. T'Challa ametupwa kwenye maporomoko, Killmonger amekalia kiti. Nakia anamfuata Okoye usiku, anamsihi waondoke, waipigane ile serikali mpya. Okoye anakataa, kwa sababu yeye ameapa kukitumikia kiti cha enzi, yeyote atakayekalia. Wawili wanaopendana, kila mmoja akiwa na haki yake, machozi yako karibu na hakuna anayeyaachia. Okoye anamwambia basi itumikie nchi yako, na Nakia anamjibu kwamba yeye anaiokoa. Danai Gurira na Lupita, wanawake wawili wamesimama tu, hakuna ngumi, hakuna kompyuta iliyochora kitu. Mimi kwangu hakuna pambano ndani ya muvi ile linalofikia hapo, hata lile la treni.

Kisha angalia anachofanya mtu huyu "asiyefanya kitu". Anaiba mmea mmoja wa umbo la moyo kabla Killmonger hajachoma bustani nzima. Anawachukua Ramonda, Shuri na yule Mmarekani aliyejeruhiwa, anawapeleka kwa M'Baku mlimani. Ramonda anamwambia aule yeye ule mmea, apate nguvu. Anakataa. Anasema yeye ni jasusi asiye na jeshi, hawezi. Hebu niambieni, ni steringi gani mwingine mnayemjua aliyepewa nguvu za bure mkononi akasema mpeni mwingine? Bila mikono ya Nakia hakuna Black Panther anayefufuka. Muvi ingeishia kwenye maporomoko.

"Lakini Killmonger alikuwa na pointi"

Najua mtalileta hili, maana hapa geto lililetwa kabla hata muvi haijaisha. Michael B. Jordan ni moto, sibishi. Pale anapoingia kwenye baraza na kuwauliza wale wazee mlikuwa wapi wakati weusi wenzenu wanateseka duniani kote, hata mimi huwa nanyamaza. Uchungu wake ni wa kweli. Baba yake aliuawa Oakland mwaka 1992, na ndugu zake wakamwacha palepale mtoto mdogo.

Ila sikilizeni vizuri. Swali la Killmonger ndilo swali la Nakia! Kwa nini tumejifungia na vyetu wakati wengine wanaangamia? Ameliuliza Nakia kwanza, sokoni, kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyetetemeka. Swali ni moja, majibu mawili. Mmoja anasema tuwapelekee silaha. Mwingine anasema tuwapelekee elimu na hifadhi. Na W'Kabi anatoa jibu la tatu, lile tunalolisikia hata kwenye daladala, kwamba ukiingiza wakimbizi wanakuja na shida zao. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuliopokea watu wa Rwanda mwaka 1994 tunajua mjadala huo si wa sinema.

Mwisho wa muvi T'Challa anafuata jibu la nani? Ananunua majengo Oakland, palepale pa uchungu, aweke kituo, na kazi ya kuhudumia jamii anampa Nakia aisimamie. Kisha anakwenda mbele ya Umoja wa Mataifa kusema Wakanda inajifungua. Killmonger alishinda pambano la maporomoko. Nakia alishinda nchi. Tunamkumbuka Killmonger zaidi kwa sababu alipiga kelele, na sisi wanadamu tuko hivyo, hata darasani anayejulikana jina wiki ya kwanza ni yule mtukutu.

Majirani zake wawili

Nisiwasahau Kasumba na Kaluuya, maana nao wanathibitisha hoja yangu. Kasumba mwaka 2016 alipewa sekunde chache tu kwenye Civil War. Amesimama, hajanyanyua hata bega, anamwambia Natasha apishe, la sivyo atapishwa. Basi! Watu duniani wakauliza yule mwanamke ni nani. Miaka mitano baadaye, kwenye The Falcon and the Winter Soldier, wakampa nafasi kubwa zaidi. Kuna usiku, kando ya moto, Ayo anamsomea Bucky yale maneno yaliyokuwa yanamgeuza muuaji, ili kuona kama amepona. Neno moja, kisha lingine. Bucky anatetemeka, analia, na Kasumba haharakishi wala halegezi. Yuko kama daktari na kama mlinzi kwa pamoja, tayari kumpa pole na tayari kumuua. Kisha anamwambia yuko huru. Wakitafsiri kipande kile kibandani, naomba mtafsiri anyamaze.

Kaluuya naye kapewa mtu wa kuchukiwa, rafiki anayesaliti. Lakini rudi pale T'Challa anaporudi Korea mikono mitupu, bila Klaue aliyewaua wazazi wa W'Kabi. Kaluuya hasemi mengi. Unaona tu mlango unafungwa ndani ya mtu. Siku Killmonger anapomletea maiti ya Klaue mpakani, wewe mtazamaji ulishajua tangu pale kwamba rafiki huyu amekwenda. Yeye Oscar yake aliipata mwaka 2021 kwa Judas and the Black Messiah, na kwa jinsi ninavyomwona, uso uleule unaonyamaza ndio ulioipata.

Steringi alipokufa

Agosti 28, 2020, Chadwick Boseman alifariki. Miaka 43. Saratani ya utumbo mpana, aliyogunduliwa nayo mwaka 2016, yaani Black Panther nzima aliicheza akiwa mgonjwa na sisi hatujui. Nakumbuka mitandaoni watu walivyoandika, kila mtu kwa lugha yake. Sisi tuliofundishwa kwamba steringi hafi tulikosa la kusema.

Ndiyo maana Wakanda Forever siiangalii kama muvi nyingine. Waigizaji wale walikuwa wanaomboleza kweli. Angela Bassett anaomboleza kwa sauti, na ana haki, ni mama. Letitia Wright anaomboleza kwa hasira. Lupita anaomboleza kwa kukaa mbali. Nakia hakwenda kwenye mazishi, yuko Haiti, shuleni. Unamwona anavyozungumza na Ramonda na unajua kuna kitu anakibana. Mwisho kabisa, ufukweni, tunakijua. Ana mtoto wa T'Challa. Walikubaliana na baba yake akue mbali na shinikizo la kiti cha enzi, wakafanya maombolezo yao wenyewe, wao wawili. Ukijua hilo, rudia muvi kutoka mwanzo umtazame Lupita tena. Kila anaponyamaza kuna mtoto ndani yake.

Sasa ndiyo tufike kwenye lile neno, "kawa ticha".

Mtu amepewa kila sababu ya kukaa ikulu. Ni mama wa mrithi. Anajua lugha, anajua silaha, Shuri akitekwa ni yeye anayetumwa kumtoa chini ya bahari, na anamtoa. Kwa hiyo ujuzi haujaisha, wadau. Akachagua shule. Pale sokoni alisema wito wake uko nje, kwa watu wasio na kitu, na miaka yote ile hakubadilisha neno. Wengine wote kwenye hadithi ile wamegeuka angalau mara moja, T'Challa, W'Kabi, Okoye, hata M'Baku. Nakia ni yuleyule.

Na sisi tunacheka. Tunacheka kwa sababu tumeambiwa tangu kidato cha nne kwamba ualimu ni kimbilio la waliokosa kozi. Ukimwambia mtu wa mtaani unasomea ualimu anakupa pole kana kwamba umefiwa. Tumeyameza maneno hayo mpaka tunayatema wenyewe. Kesho kutwa tutapangiwa shule za mazoezi, mmoja Ukerewe, mmoja Kwimba, mmoja Sengerema, darasa limejaa mpaka dirishani, na tutaingia mle tukiwa tayari tumejishusha cheo wenyewe kabla mtu hajatushusha.

Wakati nchi hii ina mtu aliyezaliwa Butiama, hukuhuku upande wetu wa ziwa, akafundisha Tabora na Pugu, akaacha kufundisha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, akawa waziri mkuu, akawa rais, na mpaka anafariki Oktoba 14, 1999 jina tulilomwita kwa heshima lilikuwa Mwalimu. Cheo alichoanzia ndicho kilichobaki.

Lupita mwenyewe kabla ya umaarufu, mwaka 2009, alitengeneza filamu ya kweli inaitwa In My Genes, kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Sisi wa mkoa huu tunajua ndugu zetu hao walipitia nini miaka ileile, sina haja ya kueleza. Sisemi mwigizaji na mhusika ni mtu mmoja. Nasema tu kwamba aliyetazama sura ya yule mtoto mwenye bunduki alishaanza kutazama watu wasiotazamwa zamani.

Yasiyonifurahisha

Nisiwe kama shabiki wa mpira asiyeona faulo za timu yake. Wale wanawake ndani ya lori hawana majina, wanaambiwa waende na tunawasahau. Infinity War ya 2018 na Endgame ya 2019 Nakia hayumo kabisa, hata salamu. Kwenye Wakanda Forever shule yake tunaionjeshwa kidogo tu, hatumwoni akifundisha somo hata moja, na mimi ningetoa dakika kumi za vita vya baharini nipate dakika tatu za Nakia na ubao. Lakini kwa alichopewa, dada huyu amelima shamba lote.

Kwa hiyo wadau, safari nyingine flashi ikifika kwako, fanya hivi. Achana na anayeongea, mtazame anayesikiliza. Anza na pale usiku, Okoye na Nakia. Kisha njoo unibishie hapa, nami nipo, naandaa chai. Na wewe wa ualimu unayesoma hii, kazi ya somo la saikolojia ni Ijumaa, usije ukasema hukukumbushwa.

Tuko pamoja.